Na Mchawi Naye Aulizwe

Majuma machache yaliyopita nilikuwa nyumbani, Ifakara. Ilikuwa jioni, mvua imekatika, nami nimeketi barazani nikisubiri wali. Mjukuu wangu, aliye kidato cha pili, alikuwa ameinamia simu yake kwa muda mrefu bila kusema neno. Nikamwuliza, "Unasoma nini, bibi?" Akajibu, "Nasoma manga, babu."

Nilicheka. Kwa umri wangu mimi, Manga ni Uarabuni, kule walikotoka Wamanga na majahazi yao, na ndiko tulikopata majina ya pilipili manga na komamanga. Mjukuu naye akanicheka. Akanieleza kwamba manga ni hadithi za picha za Kijapani, na kwamba aliyokuwa akiisoma ilimhusu binti mwenye nguvu za ajabu anayepigana na jeshi la waovu. Nikasema hadithi za namna hiyo nazijua, tangu utotoni tunasimuliwa za zimwi na binti. Akatikisa kichwa. "Hii ni tofauti, babu. Hii inasimuliwa na zimwi."

Kisha akauliza swali ambalo ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti leo. Aliuliza, "Babu, huku kwetu hakuna hadithi ya mchawi akisimulia mwenyewe?" Nilinyamaza. Sikunyamaza kwa kukosa jibu. Nilinyamaza kwa sababu hadithi hiyo ninayo, na sehemu yangu ndani yake si nzuri.

Kwanza nieleze mambo ya Wajapani, kwa faida ya wale ambao, kama mimi, walifikiri Manga ni Maskati. Hadithi za mabinti wenye nguvu za ajabu zimeandikwa kule kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1966 mchoraji Mitsuteru Yokoyama alitoa hadithi ya Sally, binti mdogo kutoka nchi ya wachawi anayekuja kuishi na watu wa kawaida, na mwaka huo huo ikaanza kuonyeshwa kwenye televisheni. Mwishoni mwa mwaka 1991 mwanamama Naoko Takeuchi alianza kuchora Sailor Moon, hadithi ya msichana wa shule anayegeuka kuwa mpiganaji, nayo ikaenea karibu dunia nzima. Katika hadithi hizi binti ni mwema na adui ni mwovu. Adui hushindwa, watoto hulala.

Baadaye waandishi wengine walianza kuuliza maswali. Mwaka 2011 ulitoka mchezo wa katuni wa televisheni uitwao Puella Magi Madoka Magica. Humo mabinti wanapewa nguvu ili wapigane na wachawi, na baadaye wanagundua jambo la kutisha: wachawi wale wanaowaua walikuwa mabinti kama wao, waliopewa nguvu zile zile, wakakata tamaa, wakageuka. Kabla ya hapo wengi wao hawakujua, maana hakuna aliyewahi kumwuliza mchawi alikotoka.

Hadithi aliyokuwa akisoma mjukuu wangu ni ya mwanamama Cocoa Fujiwara, iliyoanza kutoka mwaka 2013. Msimulizi wake ni msaidizi mkuu wa jeshi la uovu. Ametumwa kumwangamiza binti, lakini anapomwona anampenda papo hapo, na anaanza kuona mambo ambayo adui hatakiwi kuyaona: kwamba binti yule ni maskini, anafanya vibarua kutafuta riziki, na nguvu zake za ajabu hazimpi hata chakula cha kushiba. Mwandishi alifariki dunia mwaka 2015, akiwa na umri wa miaka 31, hadithi ikiwa haijamalizika. Hata hivyo watu hawakuisahau, na mwaka 2024 ilitengenezwa kuwa mchezo wa televisheni.

Sasa, ndugu msikilizaji, turudi bondeni kwetu. Sisi watu wa Kilombero na Ulanga hatuhitaji kwenda Japani kutafuta habari za dawa na nguvu za ajabu. Kwa Kiswahili tuna maneno mawili, uganga na uchawi. Anayetumia nguvu hizo kwa faida yetu tunamwita mganga. Anayezitumia dhidi yetu ni mchawi. Jambo tusilopenda kulizungumza ni hili: nani anayekata shauri kwamba huyu ni mganga na yule ni mchawi? Mara nyingi ni yule aliyeshika kalamu.

Tuchukue Vita vya Maji Maji. Mwezi Julai mwaka 1905 watu wa Umatumbi waling'oa pamba ya Wajerumani, na mwezi uliofuata dawa ya maji ilikuwa imekwisha fika bonde la Kilombero. Kituo cha askari cha Ifakara kilishambuliwa, na tarehe 30 Agosti Wapogoro na Wambunga waliivamia boma ya Mahenge, wakafyekwa na bunduki za rashasha. Katika maandishi ya Wajerumani, wale waliogawa maji walikuwa wachawi na wadanganyifu walioharibu akili za washenzi. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti, kabla vita havijafika kwetu. Baada ya mapigano ikaja njaa. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kwamba waliokufa kwa vita na njaa hiyo walikuwa kati ya 250,000 na 300,000.

Kwa miaka sitini hivi, hadithi iliyoandikwa ilikuwa ya mwenye bunduki. Ndipo mwishoni mwa miaka ya 1960 walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokwenda vijijini kuwauliza wazee. Gwassa na mwenzake John Iliffe walichapisha kumbukumbu hizo mwaka 1968, na mwaka 1969 Ebrahim Hussein akatoa tamthilia yake ya Kinjeketile. Yule aliyekuwa mchawi katika vitabu vya Mjerumani akawa shujaa wa taifa. Matukio yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni aliyeulizwa.

Jambo hilo tunajivunia, na ni haki yetu. Lakini je, sisi wenyewe tumewauliza wale tuliowaita wachawi?

Iliffe na wenzake walionyesha kwamba dawa ya maji haikuwa ya kumzuia Mjerumani peke yake. Ilihusishwa pia na kuutokomeza uchawi miongoni mwetu. Vita vilikwisha, lakini haja hiyo haikwisha. Katika miaka ya 1920 alivuma Ngoja bin Kimeta, aliyepita sehemu nyingi za kusini mashariki akiwasafisha watu. Katika miaka ya 1950, upande wa Kilwa, alivuma Nguvumali, na sifa zake zikatungiwa utenzi na Hasani bin Ismail, uliochapishwa kuwa kitabu mwaka 1968. Ni utenzi mzuri, lakini ni utenzi wa sifa za mganga. Upande wa pili haukupata mtunzi.

Serikali ya Waingereza ilitunga Sheria ya Uchawi mwaka 1928, na sheria hiyo ingali katika vitabu vyetu. Inamshika anayedai kufanya uchawi, na inamshika pia anayemwita mwenzake mchawi. Wanasheria wanaifahamu vizuri. Vijijini watu walitafuta njia yao wenyewe.

Kwetu njia hiyo ilikuwa kunyolewa. Katika miaka ya 1980 na 1990 jina lililosikika zaidi lilikuwa la Bibi Kalembwana wa Ihowanja, katika wilaya ya Ulanga ya wakati ule. Watu walitoka mbali kumfuata. Mtu alinyolewa nywele za kichwa na za mwili, akanywa dawa, na iliaminika kwamba tangu hapo uchawi wake umekwisha nguvu, na akiurudia dawa itamwua. Jambo la kuzingatia ni kwamba hakunyolewa mtuhumiwa tu. Mshitaki naye alinyolewa, na mara nyingi ukoo mzima. Kanisa Katoliki, lenye waumini wengi huko, lilipinga. Watu waliendelea kwenda. Mwanamama Maia Green wa Uingereza aliyachunguza mambo haya kwa miaka mingi, na mwaka 2005 yeye na Mtanzania mwenzetu Simeon Mesaki waliandika jinsi kazi hiyo ilivyopata sura ya kisasa, hata watu wakaiita saluni.

Msicheke upesi. Kumbukeni yaliyokuwa yakitokea Usukumani. Kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea Mwanza na Shinyanga. Bibi kizee aliweza kukatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka hamsini. Kwetu mtuhumiwa alinyolewa, akarudi nyumbani, akala sahani moja na mshitaki wake. Nywele huota. Kichwa hakioti.

Kwa hiyo mganga wa kike anayenyoa, ukimtazama kutoka mbali, ni shujaa kamili wa hadithi. Ana nguvu, ana dawa, anawashinda waovu bila kumwaga damu. Mimi mwenyewe niliisimulia hivyo kwa miaka mingi, katika madarasa na katika vijiwe vya kahawa. Sasa nisimulie ya marehemu shangazi yangu.

Mwaka 1986 nilikuwa kijana, mwalimu wa shule ya msingi, nimekuja nyumbani likizo. Ulikuwa wakati wa masika. Familia ilikuwa shambani ng'ambo ya mto, inalala kwenye dungu kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Mtoto wa kaka yangu, wa miaka miwili, alifariki kwa degedege. Mwaka uliotangulia ndugu yake alikuwa amekufa vivyo hivyo. Mara zote mbili aliyekuwa naye ni shangazi, dada yake baba, mjane asiye na mtoto.

Hakuna aliyesema neno siku ya maziko. Siku ya tatu wazee walikaa chini ya mwembe, na jioni baba akaniita. "Mwalimu, lete kalamu." Nikaandika barua kwa ofisi ya kijiji. Nakumbuka maneno yake, maana nilijivunia mwandiko wangu: tunaomba ruhusa ya kumpeleka mtajwa hapo juu kwa ajili ya kunyolewa, ili amani irudi katika ukoo. Shangazi hakujua kusoma. Aliponiuliza ni barua ya nini, nikamwambia ni ya safari. Haikuwa uongo mtupu, na haikuwa kweli.

Walivuka kwa pantoni pale Kivukoni, yeye na baba na wazee wawili, wakaenda kwa mnyoaji mmoja ambaye jina lake nalihifadhi. Walirudi baada ya siku nne, wote vipara. Palipikwa wali, wakala pamoja. Mimi nilirudi kazini nikiamini kwamba tumefanya jambo la busara, tena la kistaarabu.

Miaka kumi na minane baadaye, mwaka 2004, nilimtembelea shangazi. Alikuwa mzee sana. Alitoa kopo la maziwa ya unga, na ndani ya kopo, chini ya kadi yake ya kliniki, mlikuwa na ile barua. Alikuwa ameirudisha nyumbani na kuitunza muda wote huo. Akasema, "Nisomee, mwanangu. Uliiandika wewe."

Nikaisoma. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyo mtajwa hapo juu ni nani?"

Nikasema, "Ni wewe, shangazi."

"Na hao wanaoomba?"

"Ni sisi."

"Na mahali nilipojibu mimi ni wapi?"

Ndugu msikilizaji, niliitazama karatasi ile juu na chini kama mtu asiyejua kusoma. Palikuwa na nafasi ya tarehe, ya sahihi na ya mhuri. Mahali pa jibu lake hapakuwapo. Wala mwaka 1986 haikunipitia akilini kwamba pangehitajika.

Nikamwomba anisimulie. Alisema hivi: "Mtoto alikuwa na joto tangu alfajiri. Nilimwambia mama yake tumpeleke hospitali. Mto ulikuwa umejaa, mtumbwi ulikuwa upande wa pili, tukaita mpaka sauti zikakauka. Mama yake akakimbia kutafuta mtumbwi mwingine. Nikabaki nikimkanda kwa maji. Alipokakamaa nilipiga yowe. Mlipofika mlinikuta peke yangu naye. Hayo tu."

Nikamwuliza kwa nini hakukataa kwenda. Akanitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi mvivu. "Ningekataa mngesema naiogopa dawa. Nilipokubali mkasema nimekiri. Nikaona bora niende upesi, nirudi kuvuna mpunga wangu." Halafu akaongeza jambo ambalo sikulitegemea. "Baba yako naye alinyolewa siku ile. Nilipomwona na kichwa kile nilimwonea huruma. Alikuwa amezika wajukuu wawili. Alihitaji kuwe na mtu aliyewaua."

Neno hilo nimelifikiria mara nyingi. Sisi wenye kusimulia tulimhitaji adui. Bila adui, watoto wale walikuwa wamekufa bure.

Leo tunajua zaidi. Degedege la mtoto mwenye homa kali, katika bonde lenye mbu kama letu, mara nyingi ni malaria iliyopanda kichwani. Mwaka 1997 ulianza katika wilaya za Kilombero na Ulanga mpango wa kuuza vyandarua vyenye dawa, vilivyoitwa Zuia Mbu, chini ya watafiti wa Ifakara. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba vyandarua hivyo viliongeza kwa asilimia 27 uwezekano wa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne kubaki hai. Adui wa wajukuu wa baba alikuwa mdogo kuliko punje ya mpunga, na hakuna wembe ungeweza kumnyoa.

Lakini sitaki mseme kwamba nimekuja kuwalaumu wanyoaji. Shangazi alirudi mzima. Alifariki kwa uzee, kitandani kwake, watoto wa ukoo wakimzunguka. Kama tungekuwa tunaishi mahali pengine pengine tungemzika mwaka ule ule wa 1986. Kunyolewa kulimwokoa na sisi. Hiyo ni kweli, na nina wajibu wa kuisema. Kweli nyingine ni kwamba kulitupa amani sisi sote, na gharama ya amani hiyo aliilipa yeye, kwa kubaki mtajwa hapo juu kwa miaka kumi na minane. Sahani ile moja ya wali haikumwondolea jina.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Nami naona haki ya kwanza ya mnyonge ni kuulizwa. Tulilalamika kwamba Mjerumani aliandika habari za bonde letu bila kutuuliza, na tulilalamika kwa haki. Kisha baadhi yetu, tulioshika kalamu baada yake, tukaandika vivyo hivyo habari za dada zetu na mama zetu. Waandishi wa Japani, katika vitabu vya watoto, wamejaribu kumpa adui nafasi ya kusema. Sisi wazee tusishindwe na vitabu vya watoto.

Wazee wetu walionyolewa wanazidi kuondoka. Wapo wachache waliobaki, Ifakara, Lupiro, Malinyi na Mahenge, na pengine katika nyumba yako wewe unayenisikiliza. Ukimwona bibi amekaa kimya jikoni, mkaribie umwulize ilikuwaje siku ile. Usimwulize kama alikuwa mchawi. Mwulize mtoto alishikwa na homa saa ngapi, na mtumbwi ulikuwa upande gani wa mto.

Siku ile ya mwaka 2004, shangazi alipomaliza kusimulia, aliniambia, "Haya, andika." Nikaigeuza ile barua, nikaandika majibu yake nyuma ya maombi yetu, kwa mwandiko wangu ule ule. Kopo lile sasa ninalo mimi. Juzi, pale barazani, nililileta nikampa mjukuu wangu asome pande zote mbili. Alisoma, akazima simu yake, akaniuliza, "Na jina lake, babu?" Maana hata nyuma ya karatasi nilikuwa nimeandika "shangazi" tu.

Nikamtajia. Akaliandika.